Mafuta ya Papa Chini ya Lami

Wasomaji wangu, kabla sijaandika lolote nawaomba radhi. Niliishia darasa la nne, na tangu siku hizo nimeshika mwiko mara nyingi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala ubavu, nyingine nazitia pasipo haja na nyingine nazisahau panapo haja, na ukurasa mmoja hunichukua tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Mjukuu wangu alitaka nimsimulie, yeye aandike. Nilikataa. Haya ni mambo ya karatasi iliyosomwa vibaya, na niliyeisoma vibaya ni mimi, kwa hiyo nimeona si haki kuyapitisha katika mkono wa mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilikwenda Munje kwenye matanga ya Bi Riziki. Tulikuwa tumekaa mkekani, wanawake wa makamo na vikongwe wenzangu, tukipokezana chai ya maziwa na mahamri, nami nilikuwa namfikiria marehemu na chai zake, kwa sababu nitakazozieleza. Dirishani walisimama vijana wawili wakizungumza. Mmoja alisema kuwa mabomba ya zamani yamefukuliwa ili yatiwe ya plastiki, na sasa yamelazwa kando ya njia yakimngoja mnunuzi wa chuma chakavu. "Lakini yamefungwa magunia na lami," alisema, "msumeno unakwama. Sijui ni nani aliyekuwa na subira hiyo." Nikaweka kikombe chini. Subira hiyo ilikuwa yetu, mimi na Bi Riziki na wanawake wengine sita. Palikuwa na kitu kingine pia chini ya ile lami, na katika chumba kile, sasa Riziki hayupo, nilikuwa mimi peke yangu niliyekijua.

Ulikuwa mwaka mmoja katika ile miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Kisima kirefu kilikuwa kimechimbwa ndani, upande wa Bongwe, maji yake matamu, na ilikuwa imeamuliwa kuwa yapelekwe Munje, ambako visima vyote vilikuwa vya maji ya chumvi. Maji ya kule ukifulia, sabuni haitoi povu. Ukipikia maharagwe, yanakataa kuiva. Mabomba ya chuma yaliletwa kwa lori yakashushwa karibu na Ukunda, na hapo likajengwa banda la makuti, refu kama msikiti. Kazi yetu ilikuwa kuyavika nguo. Bomba la chuma likizikwa tupu katika udongo wa pwani, chumvi hulila polepole mpaka likatoboka, kwa hiyo kwanza lilisuguliwa kwa brashi ya waya kutu yote ikatoka, kisha likapakwa lami nyepesi, likaachwa likauke. Halafu wanaume walilimwagia lami ya moto kutoka kwenye pipa lililokaa juu ya moto mchana kutwa, na sisi wanawake tukalizungushia vitambaa vya gunia vyenye upana wa shibiri moja, tulivyovikata na kuviunga kwa sindano, vikawa virefu kupita kiasi. Juu yake lami tena. Mwisho chokaa, ili jua lisiilainishe lami kabla bomba halijazikwa. Siku Bi Riziki alipoonyeshwa namna ya kuzungusha, mzunguko mmoja ukiulalia nusu mwenzake uliotangulia, alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe ni mkeka! Si mngesema tu kuwa mnataka watu wa kushona ukili? Sisi hapa tumezaliwa nao mkononi."

Msimamizi wetu alikuwa Bwana Mutua, mtu wa bara, mrefu, shati lake jeupe hata mbele ya lami. Alikuwa na kambi nyingine ya kusimamia, kwa hiyo kwetu alifika kila Alhamisi. Siku ya kwanza aliinua karatasi iliyopigwa taipu, mistari kumi na mmoja kwa Kiswahili, akauliza, "Nani hapa najua kusoma?" Wote wakanigeukia. Natamani mngeniona. Nilikuwa na haya za ajabu, nikisalimiwa na mtu nisiyemjua shingo inapata joto, na shuleni nilikuwa nikiitwa mbele machozi yanatangulia. Bwana Mutua hakuliona hilo. Alinitia karatasi mkononi. "Wewe utasoma hii kila asubuhi mbele ya kazi kuanza. Yote. Hii si mapambo." Halafu akamwita Fundi Bakari, akasema huyo ndiye mkuu wa lami, akapanda gari akaenda zake.

Fundi Bakari alikuwa fundi wa kalafati. Maisha yake yote aliziba nyufa za vyombo vya baharini kwa pamba na mafuta, na mikono yake ilikuwa laini na myeusi kama ngozi ya ngoma kuukuu. Alisoma Kurani vizuri na aliandika barua zake kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Alipewa kazi ile kwa kuwa hapakuwa na mtu katika pwani yetu aliyejua zaidi namna ya kukizuia kitu kisiingiwe na maji. Alituita wanangu, hata Bi Riziki aliyekuwa na watoto watatu. Na kwangu alifanya jambo ambalo sijalisahau. Asubuhi ile ya kwanza nilisimama na karatasi, midomo ikicheza bila sauti, na mmoja wa wanaume akasema, "Huyu mwari anasoma kimoyomoyo, sisi tutajuaje?" Watu wakacheka. Fundi Bakari hakucheka. Alikuja akanishika bega, akanigeuza taratibu mpaka nikawa natazama rundo la mabomba, na watu wote wako nyuma yangu. "Yasomee haya mabomba, mwanangu," alisema. "Ndiyo yenye haja. Sisi tutadokoa tu."

Basi nikasoma. Mstari wa kwanza, wa pili, sauti ikipata nguvu. Lakini mbele ya macho yangu palikuwa na mabomba matano ambayo Fundi alikuwa ameyaanza tangu alfajiri, kabla hatujafika, kwa bidii yake. Yalikuwa yanang'aa, na yalinuka mafuta ya papa. Yale mafuta kila mtu wa pwani anayajua. Hupakwa ubao wa chombo kwanza, ushibe, ndipo mengine yafuate. Na mstari wa sita ulikuwa unasema: *Chuma kiwe kikavu kabisa, wala kisipakwe mafuta ya aina yoyote kabla ya lami.* Niliuona mzima kwa mara moja, kama mtu aonavyo nyoka njiani. Nyuma yangu alikuwa amesimama mzee aliyekuwa ametoka kuninusuru mbele ya watu, na maneno yale, nikiyatamka, yangemwangukia yeye mbele ya watu walewale. Mdomo wangu ukapita kutoka mstari wa tano hadi wa saba bila kukwama. Hakuna aliyejua. "Mashaallah," akasema Fundi Bakari, "unasoma kama maji." Na kwa kuwa niliuruka siku ile, ya pili sikuweza kuurudisha, kwani wangeuliza jana ulikuwa wapi. Kwa wiki tatu niliyasomea mabomba mistari kumi.

Mimi na Bi Riziki tulipanga chumba kimoja Bongwe, kwa jamaa yake, chumba cha udongo chenye kitanda cha kamba na dirisha dogo la kutosha kichwa cha mbuzi, naye mbuzi wa mwenye nyumba alilijua hilo. Jioni tulikula sima na mboga ya mchunga iliyotiwa nazi, mikono yetu ikinuka mafuta ya taa tuliyotolea lami. Baada ya kula Riziki alipika chai, na chai ya Bongwe ilimfanya azungumze peke yake. "Onja, Kombo," aliniambia, kwani hilo ndilo jina langu. "Onja. Hii ndiyo chai. Kwetu unatia sukari, unatia tangawizi, unaomba dua, bado unakunywa bahari." Kila Alhamisi alijaza chupa mbili maji ya kisimani, akazibeba kichwani mpaka Munje, ili mama yake anywe chai ya kweli Ijumaa. "Bomba likifika," alikuwa akisema, "nitamketisha mama mlangoni, nimpe birika zima. Asipokojoa mara kumi hajanywa." Mimi nilicheka naye. Kisha nilijilaza na kuhesabu mabomba.

Bwana Mutua alipokuja, aliyagonga kwa fimbo yale meupe yaliyokwisha, akahesabu, akaandika. Mara moja alisimama akavuta pua. "Hii harufu ya samaki natoka wapi?" Bi Riziki akajibu upesi, "Ni chakula chetu, bwana. Ungependa tukutilie?" Akaenda kwenye gari haraka, na banda zima likaangua kicheko, Fundi naye, bila kujua kuwa kuna la kucheka au la kuogopa. Kwake yeye mafuta hayakuwa siri. Yalikuwa ufundi. Aliwahi kutueleza, huku akipaka kwa kitambaa, kwa upole kama anayemwosha mtoto: "Ubao lazima unywe mafuta kwanza. Ukiunyima utakunywa maji." Hata leo namwelewa. Alikuwa sahihi kwa miaka arobaini. Kosa lake ni kwamba chuma hakinywi.

Hilo nililiona mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Wiki ya tatu kaskazi ilikuwa imeshika, jua la mchana likichoma hata kivulini. Nilikuwa napunguza gunia kwenye ncha ya bomba mojawapo la mwanzo, kwa sababu ncha ziliachwa tupu kwa ajili ya kuungwa. Nikavuta uzi uliojitokeza, na nguo nzima ya bomba, gunia, lami na chokaa, ikanifuata kama mkono wa kanzu. Ndani chuma kilikuwa kinang'aa kwa mafuta kama siku kilipopakwa. Lami haikukishika hata kidogo. Maji ya chumvi yangeingia hapo yakatembea kutoka ncha hii hadi ile, tusiyaone. Nikatazama huku na huku. Kisha, Mungu anisamehe, niliirudisha ile nguo mahali pake, nikaifunga kwa uzi, nikatia chokaa juu. Alasiri ile ile lori lilikuja likachukua mabomba manne ya kwanza kuyapeleka bonde la chumvi, karibu na Munje, ambako bahari huingia mpaka ndani maji makuu ya bamvua yakijaa. Ndipo mahali palipohitaji nguo nzuri kuliko pote. Bi Riziki aliyapungia mkono. "Nendeni, wanangu, mnisalimie mama."

Hiyo salamu ndiyo iliyonishinda. Asubuhi nilipopewa karatasi sikuyageukia mabomba. Niligeukia watu. Nilisoma mstari wa kwanza mpaka wa tano, nikausoma wa sita, nikaishia hapo. Lami ilikuwa inachemka pipani, naisikia mpaka leo.

"Soma tena huo," akasema Fundi Bakari.

Nikausoma.

"Ulikuwapo siku zote?"

"Ulikuwapo, babangu."

Alilitazama bomba lililokuwa mbele yake, akachukua kisu, akachana nguo ya bomba hilo kuanzia kati, akatia vidole. Nguo ikajivua. Aliusugua vidoleni ule ute wa mafuta, akanusa, akafumba macho kidogo. Wanaume walianza kupiga kelele, huyu msichana ametuponza, wiki tatu za kazi, lakini Bi Riziki ndiye aliyenijia. "Kombo! Nakulisha chungu kimoja, nalala nawe chumba kimoja, nawe unanitazama nikipungia mkono mabomba ya kutu? Mama yangu angekunywa nini?" Fundi Bakari aliwanyamazisha wote kwa kiganja. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa umri wake. "Mwanangu," aliniambia, "uliona haya kuninyoosha mbele ya watu. Adabu hiyo naijua, nami ningekuwa mahali pako ningefanya vivyo hivyo. Lakini ungekohoa tu. Ungesimama hapo kwenye mstari ukakohoa, mimi ningekuja nikakuuliza pembeni."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Bwana Mutua alipofika alitukuta tumeyavua mabomba saba, banda limejaa magunia yaliyotapakaa lami kama nguo za mgonjwa. Fundi Bakari alimfuata garini na kumweleza yote kuhusu mafuta, bila kupunguza. Bwana Mutua alisikiliza, uso ukibadilika. "Mzee, wewe naharibu kazi ya serikali! Ile karatasi haikusomwa?" Akanitazama mimi. Nikapiga hatua mbele. Nilikuwa na maneno tayari, naapa nilikuwa nayo, mdomo umekwisha kufunguka. Fundi Bakari akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, na jicho lake likanitazama moja kwa moja. Nikafunga mdomo. "Ilisomwa," akasema. "Kila siku, bwana. Mimi ndiye niliyekuwa sisikilizi. Mzee akishajua kazi yake masikio huziba."

Hata wale wanaume waliokuwa wakinifokea asubuhi walirudi kuvua mabomba bila kunitaja. Bi Riziki aliinama akashika gunia. Fundi aliachishwa kazi palepale, ila aliomba aruhusiwe kumaliza siku, na siku hiyo nzima alitufundisha kuyaosha yale mabomba kwa mafuta ya taa, kisha majivu na mchanga na maji moto, mpaka ukipitisha kitambaa cheupe kinatoka cheupe. Aliomba pia apewe jembe akafukue mwenyewe yale manne ya bonde la chumvi. Bwana Mutua alikataa; yalikuwa yamelazwa usiku uleule na mtaro kufukiwa kabla maji ya bamvua hayajajaa, akasema hayo yabaki na bahati yake. Alasiri Fundi Bakari alikusanya zana zake za kalafati katika kikapu. Nilisimama mlangoni mwa banda nikiwa na mambo mengi ya kumwambia. Nilisema shikamoo tu. "Marahaba," akaitikia. "Kesho uwasomee ukiwatazama." Akashika njia ya Ukunda. Sikumwona tena.

Nimejiuliza mara nyingi kama kikohozi kile kilikuwa zawadi au adhabu. Wakati nikiwa kijana nilikiona kuwa zawadi: aliniokoa, kwa kuwa mzee ataachishwa kazi watu wasahau, lakini msichana akitajwa vibaya hutajwa mpaka aolewe. Siku hizi nakiona kuwa ni deni ambalo hapakuwa na mtu wa kulipokea. Nilimnyamazia mara mbili, mara ya kwanza kwa kumhurumia na mara ya pili kwa kumtii, na zote mbili yeye ndiye aliyeumia. Ninachojua ni kuwa kesho yake niliwasomea nikiwatazama. Na baada ya kuolewa, nikawa ndiye msomaji wa barua za wanawake wa Bongwe, za waume walioko Mombasa na za wana walioko mbali zaidi, na wote walijua kuwa nikisoma nasoma yote. Wengine hawakunipenda kwa hilo. Mmoja alinipokonya barua katikati akasema, "Wewe mwanamke, huna breki?" Nilimwambia nilikuwa nayo zamani.

Maji yalifika Munje kabla ya Ramadhani. Bi Riziki, ambaye alininunia siku tisa kisha akanipa chai bila neno, alimketisha mama yake mlangoni kama alivyoahidi. Yule bibi alionja, akatafuna mdomo, akauliza, "Mbona haina ladha?" Akaomba chumvi. Riziki alikuwa akikisimulia kisa hicho kila tulipokutana, na kila mara alicheka kama ndiyo kwanza.

Siku ya matanga niliinuka mkekani, nikamwambia mjukuu wa Riziki anishike mkono mpaka yalipolazwa mabomba. Niliomba kisu. Kijana alinicheka kidogo, lakini akanipa. Nilikata nguo ya bomba la kwanza. Nguvu zangu hazikutosha, akaimalizia yeye, akitokwa jasho, kwa kuwa lami ilikuwa imeng'ang'ania chuma kama gamba. Ilipobanduka, chuma chini yake kilikuwa cha buluu, kikavu, kama cha siku ile. Kwenye gunia niliona mshono, uzi umepita mara mbili na kurudi mara moja. Ni mkono wa Riziki, aliyeshona mikeka vivyo hivyo mpaka macho yalipomshinda. Mwisho wa safu palikuwa na manne mengine, yametafunwa, yamefungwa mipira ya tairi na vibandiko juu ya vibandiko. "Hapa bibi ndipo palipotutesa miaka yote," kijana akasema. "Bonde la chumvi. Kila mwaka tunaziba, kila mwaka linavuja. Hatujui kwa nini haya manne tu."

"Mimi najua," nikamwambia. Na pale njiani, watu wakitoka matangani wakisimama mmoja mmoja, nikawaeleza kwa sauti, nikiwatazama, mpaka mwisho.

Sasa nawaelezeni ninyi. Fundi Bakari atakuwa amefariki zamani, lakini huenda ameacha watoto au wajukuu, na huenda waliambiwa kuwa baba yao alifukuzwa kazi ya mabomba kwa kuwa hakusikiliza. Si kweli. Alisikiliza kila neno nililosoma. Nimekata kipande cha lile gunia jema, la mabomba aliyotufundisha kuyaosha na kuyavika upya siku yake ya mwisho, nimekikunja katika karatasi, ni chao. Kama ninyi ni watu wake, au mnawajua, niandikieni. Msione haya kwa mwandiko. Hauwezi kuwa mbaya kuliko wangu. Na hata kama yaliyomo ni ya kunilaumu, yaandikeni. Nitayasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, wala sitauruka hata mmoja.